AFCON 2027: Pijo ya marehemu baba nayo ivuke Namanga

FAINALI za CHAN zilizopigwa Agosti 2025 ziliacha kumbukumbu tamu Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala, na utamu huo umefunika jambo moja ambalo watu wa soka hawalizungumzi. Hakuna shabiki wa nchi mwenyeji aliyelazimika kuvuka mpaka ili kuifuata timu yake. Taifa Stars walifungua dimba kwa Mkapa wakiichapa Burkina Faso 2-0, wakamaliza makundi hapohapo, na Morocco ilipowatoa kwa 1-0 robo fainali, iliwatoa hapohapo kwa Mkapa. Harambee Stars walitolewa na Madagascar kwa penalti wakiwa Kasarani. Uganda Cranes walilala 1-0 mbele ya Senegal wakiwa Namboole. Wote watatu walilia nyumbani, na kila shabiki akarudi kwake kwa daladala, matatu au bodaboda.

Mashindano yalichezwa nchi tatu, lakini mpaka haukupimwa. AFCON ya 2027 ndiyo itakayoupima.

Ni mara ya kwanza AFCON kupewa nchi tatu kwa pamoja. Nchi mbili zimewahi kushirikiana: Ghana na Nigeria mwaka 2000, kisha Gabon na Guinea ya Ikweta mwaka 2012. Ghana na Nigeria hazipakani. Shabiki aliyetoka Accra kwenda Lagos kwa barabara alipita kwanza Togo, halafu Benin. Kenya, Uganda na Tanzania zimeshikana mabega, na lami imenyooka kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi na kuendelea hadi Kampala. Mashindano haya yanaweza kuwa ya mtu wa barabarani kuliko AFCON nyingi zilizopita. Au yanaweza kuwa ya wenye tiketi za ndege, wengine wakabaki kuangalia kwenye kibanda umiza. Uamuzi wa lipi kati ya hayo litatokea haufanywi siku ya mechi. Unafanywa sasa hivi, na hadi sasa haionekani kama kuna anayeufanya.

Chukulia shabiki mmoja wa Temeke. Hana jina, maana wako wengi wa aina yake. Marehemu baba yake alimwachia Peugeot 504, ile ambayo wazee waliiita Pijo na hawakutaka kusikia gari lingine. Iko uani chini ya turubai. Tawi lake linapanga msafara: mabasi mawili na magari binafsi, watu wakutane Arusha, walale, asubuhi wavuke Namanga waende Nairobi. Viti vya basi vimeisha. Jamaa anaiangalia Pijo yake, anaihesabu: dereva na abiria wanne, mafuta wachangie, bei ya kichwa inakuwa chini ya basi. Anasema, "Tunatoboa."

Wapo watakaomcheka. Gari la miaka arobaini na kitu kwenda Nairobi? Wanaocheka hawaijui historia ya barabara hizohizo. Kabla ya AFCON, kabla hata ya uhuru wa nchi hizi, mashindano yaliyoziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara yalikuwa ya magari. Yalianza mwaka 1953, baadaye yakaitwa East African Safari, na kila Pasaka watu walijaa kando ya barabara kama wanavyojaa leo siku ya Simba na Yanga. Aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Hiyo 504 ya Temeke nayo ina ukoo: ndugu zake walishinda Safari mwaka 1975 kwa mkono wa Ove Andersson, na mwaka 1978 kwa mkono wa Jean-Pierre Nicolas. Hakuna anayeihurumia Pijo kwa kuambiwa ipande lami ya Segera.

Na kuna simulizi ya Joginder Singh ambayo kila mwenye gari la zamani anapaswa kuijua. Mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika kwenye Safari ya mwaka uliotangulia na timu ya kiwanda, wakaiacha, yeye akainunua. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Aliifungua, akajua kila boliti ilipo, akaifunga upya, akaondoka na ndugu yake Jaswant pembeni, akawaacha wenye magari mapya. Hakuwa na gari zuri kuliko wengine. Alikuwa na gari analolijua.

Hapo ndipo mazungumzo ya vijiweni huchanganya mambo mawili. Gari la zamani ni kitu kimoja na gari bovu ni kitu kingine. Kuna Hiace ya juzi tu ambayo breki zake ni za kusali, na kuna Pijo ya mwaka 1979 inayosimama pale inapoambiwa. Ajali za barabarani hazisomi mwaka wa kutengenezwa. Zinasoma matairi, breki na dereva.

Kwa hiyo jamaa wa Temeke ana kazi ya wiki kadhaa, si ya usiku mmoja kabla ya safari. Gari lililolala uani hudanganya. Linawaka vizuri, linazunguka mtaa, watoto wanashangilia, halafu likifika mbali linachemsha. Watu wa mpira wanaijua sana hiyo: timu inayotamba mechi za kirafiki, ikifika mechi yenyewe imechemsha. Rejeta izibuliwe na ipimwe kama inavuja. Mipira ya maji iliyokauka itupwe, hata kama kwa macho ni mizima, maana mpira wa miaka mingi hupasuka ukipata joto la Same saa nane mchana. Mkanda wa feni uwe mpya, na mwingine uwekwe kwenye buti. Matairi yasiangaliwe meno peke yake. Tairi lililokaa miaka kumi bila kutembea lina meno yote na halifai. Mafuta ya breki yabadilishwe yote. Kabureta isafishwe, na tenki la mafuta lisafishwe kwanza kabla yake, la sivyo uchafu wa tenki utaijaza kabureta upya hata Chalinze hajafika.

Spea za Pijo hazipatikani kila kona siku hizi. Fundi wa Gerezani anayezijua ni mzee, na vijana wake wamezoea magari ya kuchomeka kompyuta. Huyo mzee ndiye wa kutafutwa mapema, tena akikubali apewe kiti kwenye msafara bure. Abiria anayejua kufunga kabureta ana thamani kuliko abiria mwenye vuvuzela.

Kuna jingine dogo. Mashabiki hupenda kupaka gari rangi ya timu. Kadi ya gari imeandikwa rangi. Ikiwa kadi inasema nyeupe na gari limekuja bluu na kijani, trafiki wa kwanza atauliza, na swali hilohilo litaulizwa tena mpakani kwa sauti kali zaidi. Bendera na stika vinatosha.

Halafu kuna kadi yenyewe. Hapa ndipo safari nyingi zitakapofia, na si kwenye injini. Pijo imesajiliwa kwa jina la baba, na baba hayupo. Ndani ya nchi jamaa ameendesha miaka yote na hakuna aliyemuuliza kwa kina. Mpakani, ofisa wa forodha anataka kujua gari ni la nani, na kama mwenye gari hayupo, kibali chake cha maandishi kiko wapi. Marehemu haandiki kibali. Inabidi familia iwe imefungua mirathi, msimamizi ateuliwe na mahakama, umiliki uhamishwe TRA. Hayo ni mambo ya miezi, si ya siku mbili. Magari ya urithi yanayotembea kwa majina ya waliotangulia mbele ya haki yamejaa nchi nzima, na wenyewe hawajui kama wana tatizo kwa sababu hawajawahi kufika Namanga.

Bima nayo. Bima ndogo ambayo wengi wanayo inaishia kwenye mpaka. Ukivuka unahitaji ile inayoitwa kadi ya njano ya COMESA, inayokatwa kupitia kampuni ya bima kabla ya kuondoka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango huo wa bima imebaki. Na wakati wa kurudi kutoka Kenya, afya wanaweza kuuliza kadi nyingine ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano. Ni safari ya ajabu kwa mtu wa mpira: uwanjani kadi mbili za njano zinakutoa nje, Namanga usipokuwa nazo ndiyo unabaki nje.

Hata hivyo, mtu akijipanga, Namanga yenyewe si ile ya zamani. Kituo cha pamoja kilichozinduliwa Desemba 2018 na marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta kimeondoa ule mtindo wa kugonga mhuri upande huu, kutembea, kupanga foleni tena upande wa pili. Maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Gari linapewa kibali cha muda. Kenya ina sheria kali ya kutoruhusu kuingizwa magari yaliyozidi miaka minane, na wapo watakaomtisha jamaa wa Temeke kwamba Pijo yake itakamatwa. Sheria hiyo ni ya magari yanayoingizwa kuuzwa na kusajiliwa huko. Mgeni anayeingia na gari lake na kutoka nalo si mwagizaji wa magari. Lakini nani anamwambia hivyo? Ataambiwa na rafiki wa rafiki kwenye kundi la WhatsApp, na kwenye kundi hilohilo mwingine atamwambia kinyume chake.

Kwenye kitambulisho ndipo kuna aibu. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavukiana mipaka kwa vitambulisho vyao vya taifa tangu mwaka 2014. Mtanzania mwenye kitambulisho cha NIDA mfukoni bado anatakiwa kuwa na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Nchi tatu zimeomba AFCON kwa pamoja chini ya jina la Pamoja, zikapewa Septemba 2023, na hadi leo shabiki wa Nairobi anaenda Kampala kwa kitambulisho tu huku shabiki wa Dar akipanga foleni ya Uhamiaji. Kama kuna sababu za kiusalama zielezwe. Kama hazipo, basi jambo hilo lirekebishwe kabla ya mashindano, angalau kwa mwezi huo mmoja.

Wengine wameshafanya hivyo kwa wageni wa mbali kabisa. Urusi mwaka 2018 ilitoa kitambulisho cha shabiki, na mwenye nacho pamoja na tiketi ya mechi aliingia bila viza. Qatar ikaja na Hayya mwaka 2022. Morocco nayo ilitumia kitambulisho cha shabiki kwenye AFCON yake. Hizo ni nchi moja moja. Hapa nchi ni tatu na jumuiya ni moja, yenye makao yake makuu Arusha, katikati kabisa ya barabara anayopita jamaa wa Temeke. Kama kitambulisho cha shabiki cha 2027 kitatolewa, basi kisiishie kwa mtu. Kiwe na sehemu ya gari: namba, rangi, bima, tarehe ya kuingia na kutoka. Asajiliwe mara moja akiwa nyumbani, asomwe mara moja mpakani, aende zake. TFF, FKF na FUFA hawana mamlaka ya forodha, lakini wao ndio wenye mdomo wa kuisukuma TRA, KRA na URA zikae meza moja. Wakisubiri mpaka makundi yapangwe, watakuwa wamechelewa.

Wakosoaji watasema mambo haya ni ya wachache, shabiki wa kawaida atapanda basi. Wengi watapanda basi, ni kweli, na basi nalo linapita mpaka huohuo, na abiria wake wanashikilia kadi ileile ya NIDA isiyovuka. Gari la zamani linaonyesha tu matatizo mapema, kama mgonjwa anayekohoa wa kwanza darasani.

Turudi kwenye msafara, maana upande huu lawama si za serikali tena. Misafara ya mashabiki ina tabia mbaya na kila mtu anaijua. Gari lenye nguvu linatangulia, linapotea. La pili linalikimbiza. Watu wanakaa madirishani na bendera, dereva ameshinda bila kulala akiimba, na wanataka kufika usiku uleule. Wenye magari ya zamani wanaotembea kwa makundi wana utaratibu mwingine, na ni rahisi mno. Gari la taratibu kuliko yote linakaa mbele na ndilo linalopanga mwendo. Gari la fundi linakaa nyuma kabisa, kwa hiyo kila anayeharibikiwa atakutwa na fundi. Kila dereva anaangalia kwenye kioo aliyeko nyuma yake, akimkosa anapunguza. Hakuna redio wala simu inayohitajika. Tawi linaloweza kupanga ngoma na tarumbeta linaweza kupanga hilo.

Kutoka Dar hadi Arusha ni kilomita zinazokaribia 640, na Pijo iliyotengenezwa vizuri inazimaliza kwa siku moja ikiondoka alfajiri, kabla foleni ya Kibaha haijaamka. Chalinze unakata kulia, unaiacha ya Morogoro. Daraja jipya la Wami limeondoa ule ubishi wa malori kwenye daraja jembamba la zamani. Segera watu wanakula. Kuanzia Mombo, milima ya Usambara iko kulia, barabara imenyooka na inashawishi mguu. Hapo ndipo tochi za trafiki zinapovuna, na kilomita 50 kwa saa kwenye vijiji ni 50 hata kama Stars wanacheza kesho. Same kuna upepo wa pembeni na joto, ni mahali pa kusimama, kufungua boneti na kuiacha injini ipumue. Jua likizama mkiwa Moshi, laleni Moshi. Taa za gari la zamani si taa za leo, na msafara haujapungukiwa kitu ukifika Arusha saa tatu asubuhi badala ya saa sita usiku. Namanga iko kilomita kama 110 mbele ya Arusha, na kutoka hapo Nairobi ni mwendo wa asubuhi moja kupitia Kajiado na Kitengela.

Safari ya mwaka 1968 ilianza na magari 93. Yakamaliza saba. Mvua na tope viliyameza yaliyobaki, yakiwemo ya timu kubwa zilizokuja na mafundi kutoka ng'ambo. Mshindi alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Na mwaka 2011, kwenye mashindano ya magari ya zamani yanayofanyika Afrika Mashariki tangu 2003, aliyeshinda alikuwa Björn Waldegård akiwa na miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea njia. Mashindano hayo yamevuka mpaka mara kadhaa kuja Arusha, na mamlaka ziliweza kuyapokea: magari ya nje, madereva wa nje, mihuri ikagongwa. Kwa hiyo inawezekana. Matajiri wa Ulaya wenye Porsche za zamani wamevuka Namanga na mapokezi wakapata. Pijo ya Temeke ina haki ya kupata utaratibu huohuo ikiwa imebeba mashabiki watano wenye jezi za Stars.

Kwa sasa TFF itoe mwongozo wa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, unaosema shabiki anayekwenda kwa gari lake anahitaji nini na anakipata ofisi gani. Uutoe kabla ya kupangwa makundi, ubandikwe kwenye matawi, usomwe redioni. Jamaa wa Temeke naye asingoje mwongozo. Rejeta inaweza kusubiri wiki mbili, lakini faili la mirathi la baba yake halisubiri, na Mahakama ya Mwanzo inafunguliwa Jumatatu.